Siku Moja Rubondo, Kisiwa Kilichojazwa Wanyama

Rubondo ni kisiwa kilichopo kona ya kusini-magharibi ya Ziwa Victoria, nyuzi mbili na ushei kusini mwa ikweta. Urefu wake kutoka kaskazini hadi kusini ni kama kilomita 28, na upana wake ni kati ya kilomita 3 na 10. Kisiwa hicho, visiwa vidogo kadhaa vinavyokizunguka na maji yaliyo katikati yao ndiyo Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, yenye eneo la kilomita za mraba 456.8, karibu nusu yake ikiwa maji. Kwenye ramani ya leo hifadhi imo katika Mkoa wa Geita, ulioanzishwa mwaka 2012. Lakini Wilaya ya Chato, ambayo ndiyo mlango wa kisiwa kwa anayetoka magharibi, ilimegwa kutoka Biharamulo mwaka 2005, na wakati huo yote ilikuwa Kagera. Kisiwa hiki si cha ugenini, basi, kwa watu wa Ngara na Biharamulo, ingawa wengi wao hawajawahi kukikanyaga.

Likizo ya kisiwani ikitajwa Tanzania, akili za wengi hukimbilia Unguja, Pemba au Mafia. Kwa mkazi wa Kabanga, mpakani na Burundi, hiyo ni safari ya kuvuka nchi nzima. Rubondo iko upande wake wa nchi. Msafiri hutoka Kabanga, akaingia barabara kuu inayotoka Rusumo, akapita Benaco, mji mdogo uliorithi jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara hiyo, kisha Nyakahura hadi Lusahunga. Sehemu hii hupita katika mapori ya Kimisi na Burigi, ambako miaka ya nyuma magari yalikuwa yakisindikizwa na polisi kwa hofu ya majambazi. Tangu mwaka 2019 sehemu kubwa ya mapori hayo ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Lusahunga malori ya Dar es Salaam huendelea kusini kuelekea Nyakanazi na Kahama. Anayekwenda kisiwani hukunja kaskazini hadi Biharamulo, mji ambao boma lake la Wajerumani, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, bado limesimama juu ya kilima. Kutoka hapo njia hushuka kuelekea ziwani, Chato na Muganza.

Ukijumlisha kungoja magari na kuyabadili, safari hiyo humaliza siku. Asiyetaka kufika kisiwani jua likiwa limeshakuwa kali hulala Chato au Muganza, asubuhi akaenda Kasenda, kilomita chache kutoka Muganza. Kasenda ni mwalo kama ilivyo mialo mingine ya ziwa: mitumbwi iliyovutwa mchangani, dagaa walioanikwa, wachuuzi wenye ndoo, na bei zinazopanda na kushuka kulingana na usiku ulivyokwenda. Hapo ndipo boti ya hifadhi huwachukulia wageni. Kuvuka hadi Kageye, makao ya hifadhi yaliyo sehemu ya kati ya kisiwa, huchukua kama dakika 20 hadi 30. Wanaotoka Mwanza na Geita hupitia Nkome, ambako majini ni kama saa mbili, na wenye uwezo zaidi hushuka kwa ndege ndogo kwenye uwanja wa kisiwani. Njia ya Kasenda ndiyo fupi na ndiyo nafuu, mradi boti iwe imeagizwa mapema, kwa sababu haina ratiba ya kila saa kama kivuko.

Asubuhi ndiyo saa nzuri ya kuvuka. Upepo wa ziwa huamka mchana, na mawimbi ya Victoria, yaliyozamisha meli kubwa sembuse boti, si ya kuchezea. Wahaya na Wazinza wa zamani walimjua Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba zake, na hawakuingia majini bila kumkumbuka. Siku hizi abiria hupewa jaketi okozi. Baadhi ya asubuhi huonekana nguzo nyeusi zikisimama juu ya maji kwa mbali, mtu akadhani ni moshi wa moto mkubwa. Ni wadudu wadogo wa ziwani, mamilioni kwa mamilioni, waliotoka majini kwa pamoja. Boti ikipita katikati yao, ni kufunga mdomo na kuinamisha kichwa.

Kwa mbali kisiwa ni ukuta wa kijani. Karibu asilimia 80 ya Rubondo ni msitu, mahali pengine mnene kiasi kwamba jua la adhuhuri hufika ardhini kwa madoadoa tu. Kusini kuna uwanda wa majani na miti ya kutawanyika, na mwisho kabisa wa kusini vimesimama vilima vya Masa, ambavyo kilele chake kinafikia mita 1,486 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa uso wa ziwa lenyewe uko mita 1,134, kilele hicho kimelipita ziwa kwa mita 350 tu. Kimo cha ziwa lenyewe ndicho kinachofanya kisiwa cha ikweta kisiwe na joto la pwani: mchana ni wa kufaa kutembea, na alfajiri mtu hutafuta sweta. Ufukweni kuna mawe makubwa mahali fulani, mchanga mahali pengine, na katikati yake vichaka vya mafunjo na mikindu.

Mgeni anayefika hapo huona pori ambalo halijaguswa. Dhana hiyo ni ya kurekebishwa mapema, kwa sababu sehemu kubwa ya kinachovutia Rubondo iliwekwa pale kwa mkono wa mtu, na ndani ya umri wa wazee walio hai. Hadi katikati ya miaka ya 1960 kisiwa kilikuwa na watu: wavuvi na wakulima, wengi wao Wazinza. Mwaka 1965 kilitangazwa kuwa pori la akiba, wakaaji wakahamishiwa bara na visiwa vya jirani, na mashamba yao yakamezwa na msitu. Mwaka 1977 kikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Kinara wa mpango huo alikuwa Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt na mkuu wa shirika la wanyamapori la mji huo, aliyekwisha kujulikana kwa kazi yake Serengeti. Wazo lake lilikuwa kukifanya kisiwa kuwa ghala la usalama. Mahali palipozungukwa na maji, pasipo simba wala chui, palionekana panafaa kuwahifadhi wanyama waliokuwa hatarini kwingineko.

Basi wakaletwa. Faru weusi 16, twiga 12, mbega, swala aina ya korongo, na baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, tembo wachanga sita. Hesabu haikutoka sawa kwa wote. Twiga walizaana na leo ni wa kawaida kuonekana, nao tembo wameongezeka kutoka wale sita. Korongo walitoweka. Faru waliuawa na majangili hadi wa mwisho, jambo linaloonyesha kwamba maji yanayomzuia mnyama asitoke hayamzuii mwenye bunduki asiingie. Mwaka 2000 waliongezwa kasuku wa kijivu waliokamatwa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara haramu wa ndege.

Waliovuma kuliko wote ni sokwe mtu. Kati ya mwaka 1966 na 1969 walishushwa kisiwani sokwe 17, kwa mafungu manne, wakiwa wametoka Ulaya. Wengi walizaliwa katika misitu ya Afrika Magharibi, wakakamatwa wakiwa wadogo, wakauzwa kwa bustani za wanyama na sarakasi. Baadhi yao walikuwa wamekaa kizuizini kwa miaka, wakilishwa kwa mkono na kutazamwa na umati. Hakuna aliyewafundisha kuishi porini. Masanduku yalifunguliwa, wakaachwa. Kwa akili ya kawaida wangekufa njaa. Badala yake, katika miezi michache walianza kula matunda na majani ya msitu wasioujua, wakajenga vitanda vya matawi juu ya miti, na mwaka 1968 watoto wa kwanza wakazaliwa. Taabu ilikuwa kwamba hawakuwaogopa watu, nao waliowashambulia watu wakapigwa risasi. Waliobaki, na hasa watoto wao, walizidi kujitenga. Leo kisiwa kina makumi kadhaa ya sokwe, waliozaliwa hapo hapo na wasiojua kizimba ni nini.

Kuwatafuta sokwe hao ndiyo kazi ya kwanza ya siku, na ni kazi kweli. Kundi la wageni wachache huondoka mapema na askari wa uhifadhi mwenye bunduki, kwa sababu tembo na viboko wamo njiani, pamoja na wafuatiliaji wanaowajua wanyama kwa nyayo na sauti. Kinachotazamwa kwanza ni vitanda. Kila jioni sokwe mkubwa hukunja matawi ya mti, akayasuka chini ya mwili wake na kulala hapo, na kesho yake hutengeneza kingine. Kitanda chenye majani mabichi ni cha jana usiku, na wenyewe hawako mbali. Kilichogeuka rangi ya kahawia ni cha zamani. Chini ya mti hutafutwa kinyesi na vifumba vya nyuzi: sokwe hutia tunda mdomoni, akalibana kwa mdomo wa chini na meno mpaka maji yaishe, kisha akatema makapi yaliyoshikamana kama tonge. Kifumba kikiwa bado kinang'aa kwa mate, mfuatiliaji hunyanyua mkono na wote husimama.

Tunda linaloonekana sana katika makapi hayo ni bungo, la mtambaazi uleule unaozaa matunda ambayo Unguja hukamuliwa juisi. Msitu wa Rubondo umejaa mitambaazi ya aina hiyo, minene kama mkono, inayoning'inia na kupanda hadi vileleni, na watafiti waliofuatilia chakula cha sokwe hawa wameona jinsi wanavyoitegemea. Mitambaazi hiyo pia ndiyo inayomchosha mgeni. Njia hupotea, watu huinama, hutambaa, huruka magogo, na mbung'o, ambao huzikimbilia nguo za buluu na nyeusi, hufuata nyuma.

Matokeo hayana uhakika, na hilo wanaouza safari huwa hawalisemi kwa sauti. Gombe, ambako Jane Goodall alianza utafiti wake mwaka 1960, sokwe wamezoea watu kwa miongo mingi, nao ni rahisi kuwakaribia. Kisiwa cha Ngamba, upande wa Uganda wa ziwa hilihili, ni makazi ya sokwe yatima tangu mwaka 1998. Huko hulishwa kwa saa maalumu na mgeni huwaona akiwa nyuma ya uzio. Rubondo hawalishwi na hawana uzio, na kazi ya kuwazoesha watu ilichelewa kuanza. Kuna siku kundi huonekana kwa saa nzima, na kuna siku kinachopatikana ni mlio tu bondeni, ule wa kuanza chini chini na kupanda hadi kuwa makelele, kisha kimya. Kwa maoni ya mwandishi huyu hiyo siyo kasoro. Sokwe anayeweza kukataa kuonekana ndiye ushahidi bora kuliko takwimu yoyote kwamba jaribio la 1966 lilifanikiwa.

Mchana wageni hurudi Kageye kula, na chakula chenyewe mara nyingi ni sato. Hata huyo ana historia ileile ya kuletwa. Sato na sangara hawakuwa wa Ziwa Victoria; waliingizwa katika miaka ya 1950 na 1960, enzi zile zile ambazo sokwe walikuwa wakipandishwa meli. Samaki wa asili wa aina ya sato aliyekuwa akitegemewa na watu wa ziwani ni ngege, ambaye sasa ni adimu. Furu, wale samaki wadogo waliokuwa wa aina mamia, walimalizwa kwa sehemu kubwa na sangara, na aina nyingi hazikuonekana tena. Sangara wenyewe huweza kufikia kilo 100 na zaidi, na maji ya Rubondo yanajulikana kwa wakubwa wa namna hiyo, kwa kuwa uvuvi wa biashara umepigwa marufuku ndani ya mipaka ya hifadhi. Wageni huruhusiwa kuvua kwa ndoano, kwa kibali na kwa masharti. Mazalia ya samaki yaliyomo katika ghuba za kisiwa huwanufaisha wavuvi wa nje ya mpaka, ingawa hilo haliwazuii baadhi yao kuingia usiku na makokoro, na doria za kuwasaka ni sehemu kubwa ya kazi ya askari wa hapa.

Jua likianza kupungua ukali, zamu ni ya boti. Injini hupunguzwa mwendo na boti hufuata ukingo wa mafunjo, na hapo ndipo wanyama wenyeji wa kisiwa, wasioletwa na yeyote, huonekana. Viboko hutoa masikio na pua. Mamba huanikwa na jua juu ya mawe, wengine wakubwa wa kutosha kukata hamu ya kuogelea, jambo ambalo kisiwani limekatazwa hata pale mchanga ulipo mweupe na maji yanavutia. Kenge hukimbilia majini kwa kishindo. Fisi maji, ambaye licha ya jina hana udugu na fisi, huibuka na samaki mdomoni.

Anayestahili kungojwa zaidi ni nzohe. Huyu ni swala wa majini. Dume ana rangi ya kahawia iliyoiva na pembe zilizojipinda. Jike ni mwekundu na hana pembe. Kwato zake ni ndefu na hupanuka akikanyaga, kwa hiyo hutembea juu ya matope na mafunjo yaliyoshikana ambamo mnyama mwingine angezama. Akishtuka hakimbilii nchi kavu. Hujitumbukiza majini na kubakiza pua tu, na boti huweza kupita mita chache kutoka alipo bila mtu kumwona. Ni mnyama mgumu kuonekana mahali pengi Afrika Mashariki, lakini Rubondo, pasipo na chui wala simba, yuko kwa wingi na huthubutu hata kuingia msituni, ambako hukutana na pongo. Mwenye haraka hapati kitu. Mwenye subira huanza kuona kwamba kile alichodhani ni kisiki kina masikio.

Ndege hawahitaji subira hiyo. Zaidi ya aina 200 zimeorodheshwa, na furukombe, mwenye kichwa cheupe na sauti inayosikika kutoka kila ghuba, ni wengi hapa kuliko sehemu nyingi za bara. Hukaa juu ya mti mkavu akitazama maji, akashuka kwa miguu mbele na kunyakua samaki aliye juu juu bila kulowa kifua. Kimojawapo cha visiwa vidogo huitwa Kisiwa cha Ndege, na jina lake halikukosewa: minandi, yangeyange na korongo hujenga viota tawi kwa tawi, na miti imegeuka nyeupe kwa mavi. Upepo ukitoka upande wake, mgeni hukijua kisiwa hicho kabla hajakiona.

Wa siku moja hurudi Kasenda kabla ya jua kuzama, kwa kuwa boti hazivuki gizani. Anayebaki ana vyumba na hosteli vya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, pale Kageye, ambavyo ni vya kawaida na bei yake inabebeka, au kambi ya kifahari inayolenga watalii wa nje. Tofauti ya bei kati ya hivyo viwili ni kubwa mno. Katika usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wa dagaa huwasha taa zao nje ya mpaka wa hifadhi, na kutoka ufukweni mtu huweza kuzihesabu hadi achoke.

Raia wa Tanzania na wa nchi nyingine za Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, kiasi kidogo sana ukilinganisha na anacholipa mgeni kwa dola. Gharama inayouma ni boti na mwongozaji, ndiyo maana familia, shule na vikundi vya kanisa hufanya vizuri kujikusanya na kugawana. Malipo hufanyika kwa kadi au kwa namba ya malipo, si kwa fedha taslimu mkononi, na yafaa kukamilishwa mtandao ukiwa bado unashika vizuri upande wa bara. Kitambulisho ni lazima, na kwa raia wa Burundi anayevuka pale Kabanga, hati ya safari iliyogongwa muhuri.

Juni hadi Agosti ni miezi mikavu, njia za msituni hupitika na kutembea ni rahisi. Novemba hadi Machi mvua huleta maua, vipepeo na okidi za mitini, na kati ya Desemba na Februari ndege wahamao huongeza idadi ya wale wa kudumu. Nguo za mikono mirefu za rangi ya udongo, viatu vilivyofungwa vizuri, koti la mvua, darubini na maji ya kunywa vinatosha kwa siku nzima. Mfuko wa plastiki uachwe nyumbani, kwa kuwa tangu Juni 2019 umepigwa marufuku nchini kote.